Malipo ya Juni: Fedha za Msaada na Biashara ya Msimu Yanonge

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, viwavi hushuka kutoka vileleni mwa misapeli ya msitu wa Tshopo, na kwa majuma machache shughuli nyingine za Yanonge husogezwa kando. Wanawake na watoto huingia msituni na vikapu. Wengine hubaki nyumbani wakichemsha, wakianika juani na kukausha kwa moshi, na wengine hungoja mtoni na magunia. Mji huu mdogo uko ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, katika teritwari ya Isangi, yapata kilomita 60 chini ya Kisangani. Uko karibu vya kutosha kuuza mjini, na mbali vya kutosha bei ya kule isifanane na ya huku. Katika nafasi hiyo kati ya bei mbili, mama mwenye mtaji mdogo hupata riziki. Msimu ukiisha, biashara yake hulala hadi mwaka ujao, naye hurudi kwenye mpunga, muhogo na mawese.

Swali la makala haya ni jembamba. Mtu anayeishi kwa msaada wa fedha, tuseme mjane aliyekimbia vita, mzee aliyeandikishwa na mradi, au kijana anayelipwa ujira wa kufyeka barabara, anaingiaje katika biashara ya namna hiyo? Na akiingia, kwa nini mtaji wake hukatika upesi? Mazungumzo ya maofisini huishia kwenye kiasi: dola ngapi kwa kaya, kaya ngapi kwa kijiji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kiasi ni jambo la tatu. La kwanza ni tarehe ya malipo, la pili ni kanuni ya kuhesabu kipato cha mpokeaji. Ofisi hulipa kwa mwezi au kwa awamu ya mradi, na msitu una ratiba yake. Fedha zikifika Oktoba, hata ziwe nyingi, viwavi wamekwisha.

Biashara yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu mara nyingi hudharauliwa kama uokotaji tu. Viwavi wa aina ya Imbrasia oyemensis hula majani ya msapeli, mti ambao wataalamu huuita Entandrophragma cylindricum, na wakikomaa hushuka wenyewe hadi chini. Miti mingine ina wageni wake, na kila aina ina majuma yake. Viwavi wakavu ni chakula chenye protini inayozidi nusu ya uzito wao, na soko lake halina shaka. Ripoti ya FAO ya mwaka 2013 kuhusu wadudu wanaoliwa ilitaja kwamba kaya ya wastani ya Kinshasa hula takriban gramu 300 za viwavi kwa juma, na jiji zima tani 96 kwa mwaka. Anayeokota hupata kidogo kwa kila kopo. Anayenunua kutoka vijiji vya ndani, akakausha vizuri na kusafirisha hadi Kisangani, hupata zaidi. Anayeweza kuvumilia na gunia lake mpaka wakati viwavi wabichi wameadimika sokoni hupata zaidi kuliko wote.

Kila ngazi ya juu inadai fedha taslimu mkononi kabla ya ngazi yenyewe kufika. Mnunuzi huhitaji noti ndogondogo au bidhaa ambazo kijiji cha ndani kinazitaka, chumvi na sabuni kwanza. Anahitaji nauli ya boti, au mwenye baiskeli, yule ambaye Kisangani humwita toleka. Anahitaji magunia makavu, kuni za kukaushia, na kitu cha kulisha watoto wakati yeye yuko safarini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogharimu fedha nyingi, ila vyote hudaiwa katika majuma yaleyale. Asiyekuwa nazo huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anayejulikana Kongo nzima kwa jina la dhihaka la Banque Lambert, na riba ya huko ndiyo hula faida ya msimu kabla haujaisha.

Je, msaada uko wapi katika picha hii? Kwa mtu anayefikiria posho ya kila mwezi kutoka serikalini, jibu ni kwamba haupo. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya Februari 18, 2006, katika ibara ya 36, inasema dola huhakikisha haki ya kazi, kinga dhidi ya ukosefu wa kazi na ujira wa haki, pamoja na njia nyingine za hifadhi ya jamii zikiwemo pensheni. Maneno ni mazuri. Chombo cha kuyatekeleza kilianza kwa jina la INSS, kilichoundwa kwa amri-sheria ya Juni 29, 1961, siku moja kabla uhuru haujatimiza mwaka. Sheria namba 16/009 ya Julai 15, 2016 iliweka utaratibu mpya wa jumla, na leo chombo hicho ni CNSS. Kina matawi matatu: mafao ya familia, pensheni, na ajali na magonjwa ya kazini. Hakuna tawi la asiye na kazi, na matawi yaliyopo humfikia aliyeajiriwa kwa mkataba na kukatwa michango. Muuza viwavi wa Yanonge hana mwajiri. Kwake ibara ya 36 imebaki kwenye karatasi.

Kinachomfikia, kinapomfikia, kina majina mengine. Kuna msaada wa dharura kwa waliokimbia makwao. Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka katika wilaya ya Lubunga, ukingo wa kushoto wa Kisangani, kwa sababu ya shamba kubwa lililopewa kampuni, na maelfu walivuka mto wakaishi katika kambi za mjini. Kuna malipo ya mazingira: miradi ya PIREDD, ukiwemo ule wa mashariki ulioendeshwa kwa fedha za CAFI, mfuko wa kimataifa wa misitu ya Afrika ya Kati, imewalipa wakulima kwa kupanda na kutunza miti, baada ya wakaguzi kuthibitisha kwamba miti ipo. Na kuna fidia. Februari 9, 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mafungu matano ya kila mwaka ya dola milioni 65, na katika jumla hiyo milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Mfuko wa kugawa fedha hizo, FRIVAO, makao yake yako Kisangani, mji uliopigwa mabomu na majeshi ya Rwanda na Uganda kuanzia Juni 5 hadi 10, 2000.

Fidia si ruzuku, na ruzuku si ujira. Mwanasheria atasisitiza tofauti hizo, na ni haki yake. Kwa mpokeaji, hata hivyo, zote ni fedha ambazo hakupanga tarehe yake. Mfadhili hutoa idhini, benki huhamisha, orodha huhakikiwa, orodha hupingwa, orodha huhakikiwa tena, kisha siku moja ujumbe unaingia kwenye simu. Ikiwa siku hiyo ni ya Mei au Juni, kuna biashara. Ikiwa ni Novemba, kuna deni la kulipa na bati la kununua.

Kwamba maskini hugeuza msaada kuwa mtaji hata pale msaada ulipobuniwa wasiweze kufanya hivyo, Kongo yenyewe imetoa ushahidi. Mwaka 2011 na 2012 mchumi Jenny Aker alichunguza mpango wa shirika la Concern Worldwide huko Masisi, Kivu Kaskazini, kwa kaya za wakimbizi wa ndani. Nusu walipewa fedha, nusu hati za kununulia bidhaa kwenye maonyesho yaliyopangwa, na thamani ilikuwa ileile, takriban dola 130 kwa awamu kadhaa. Katika lishe na mali makundi hayo mawili hayakupishana kwa maana. Wenye fedha walinunua vitu vya aina nyingi zaidi, na kuwalipa kwa fedha kulikuwa na gharama ndogo kwa shirika. Wenye hati, nao, walifanya jambo ambalo mtu wa Yanonge angelitambua mara moja: walinunua chumvi nyingi kuliko wenzao.

Familia haiwezi kula chumvi yote hiyo. Lakini chumvi haiozi, hugawanyika hadi kijiko, inakubalika kila kijiji, na inaweza kuuzwa au kubadilishwa mwezi wowote. Waliolazimishwa kutumia msaada siku ya maonyesho walitafuta kwenye meza za wafanyabiashara kitu kimoja ambacho kingesubiri. Mpango uliofunga mlango wa akiba ulifunguliwa dirisha na wapokeaji wenyewe. Kwa mwandishi wa makala haya, magunia hayo ya chumvi yana hoja nzito kuliko jedwali lolote la matumizi ya kaya, kwa kuwa yanaonyesha kwamba haja ya kuchagua wakati wa kutumia msaada iko sawa na haja ya msaada wenyewe.

Kenya imeijaribu hoja hiyo kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana kwingine. Katika kaunti za Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly pamoja na watafiti Abhijit Banerjee, Michael Faye, Alan Krueger, Paul Niehaus na Tavneet Suri waligawa vijiji 295 katika makundi. Baadhi walianza kulipwa takriban dola 22.50 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, kwa ahadi ya miaka 12. Wengine walipewa kiasi hichohicho kwa miaka miwili tu. Kundi la tatu lilipewa takriban dola 500 kwa mkupuo, jumla inayokaribia ile ya miaka miwili. Baada ya miaka miwili, kwa hiyo, makundi yote matatu yalikuwa yamepokea fedha zinazolingana. Matokeo hayakulingana. Waliopewa kwa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 walianzisha biashara ndogo nyingi zaidi na mapato yake yalikuwa makubwa zaidi. Waliokuwa wakipokea kidogokidogo kwa miaka miwili walibaki nyuma yao katika biashara. Na hakuna kundi lililoacha kufanya kazi, ingawa wengi walihama kutoka vibarua vya watu kwenda shughuli zao wenyewe.

La mkupuo linaeleweka kirahisi. La miaka 12 linahitaji maelezo, na maelezo yake ni upatu. Waliojua kwamba fedha zitaendelea kuja walijiunga kwa wingi katika vikundi vya kupeana kwa zamu, kila mmoja akaweka posho yake ya mwezi, na zamu ilipomfikia akapata donge. Yaani waliligeuza lile la kila mwezi liwe la mkupuo, na tarehe wakapanga wao. Yanonge na Kisangani wanaiita likelemba, na hakuna mradi uliowafundisha. Tofauti ni kwamba likelemba inataka mchango usiokatika. Mtu ambaye posho yake huja miezi miwili, ikakosekana mitatu, ikarudi mmoja, hawezi kukubaliwa na wenzake, kwa kuwa siku ya kukosa kwake ndiyo siku ya mwingine kukosa zamu. Msaada wa vipande vya kubahatisha una madhara mawili basi: hautoshi kuwa mtaji, na humfungia mtu nje ya chombo ambacho kingeukusanya.

Kuhusu tarehe yenyewe, somo kali zaidi limetoka magharibi mwa Kenya, Webuye na Matete. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifuatilia wakulima wa mahindi waliopewa mkopo mdogo na One Acre Fund ili wasilazimike kuuza mavuno kwa bei ya chini na kuyanunua tena wakati wa njaa. Wengine walipewa mkopo Oktoba, baada tu ya mavuno. Wengine Januari, ada za shule zinapobisha hodi. Mkopo ulikuwa uleule na wakulima walikuwa wa namna ileile. Wa Oktoba ndio waliofaidi zaidi, kwa kuwa fedha ziliwakuta mahindi bado yamo ghalani. Utafiti huo una sehemu ya pili isiyozungumzwa vya kutosha: pale wengi katika eneo moja walipopata mkopo, bei yenyewe ilitulia, pengo kati ya mavuno na njaa likapungua, na faida ya kila mkopaji ikashuka huku jirani asiyekopa akifaidika. Sehemu hiyo itarudi hapa chini.

Tarehe ikiwa nzuri, bado kuna kanuni ya kuhesabu. Nayo huonekana vizuri zaidi ikitazamwa nchi zenye posho za kweli, ambako Wakongo na Waafrika Mashariki wengi wanaishi. Uingereza ilianzisha Universal Credit mwaka 2013. Mpokeaji anayefanya kazi hukatwa peni 55 kwa kila pauni anayoipata juu ya kiwango kilichosamehewa. Kabla ya Novemba 2021 makato yalikuwa peni 63. Hesabu hufanywa kila mwezi. Mama wa Kikongo anayepika kwenye sherehe za kiangazi London hupata fedha miezi mitatu na kukaa miezi tisa. Mwaka wa kwanza wa biashara mpya huachiliwa nafasi, lakini baada ya hapo ofisi inaweza kumhesabia kipato cha kubuni: mwezi ambao hakupata kitu, inachukulia kana kwamba amepata mshahara wa chini, na kumkatia posho kwa msingi huo. Mwezi alioingiza nyingi sana, ziada inayopita pauni 2,500 inaweza kusukumwa mbele ihesabiwe kama kipato cha mwezi unaofuata. Kiangazi chake hukatwa, na kipupwe chake hukatwa pia. Sheria iliandikwa ikimfikiria fundi wa mwaka mzima.

Ubelgiji, nchi yenye Wakongo wengi, ilichukua njia tofauti. Tangu Oktoba 1, 2016, aliyeko kwenye posho ya kukosa kazi anaweza kuanza shughuli yake binafsi kama kazi ya pembeni na kuendelea kupokea posho kwa miezi 12, na kipato cha shughuli hiyo hupimwa kwa mwaka. Mwaka ukiwa ndio kipimo, miezi mitatu minono na tisa mikavu husawazishana.

Tanzania inaonyesha sura ya tatu. TASAF iliyoundwa mwaka 2000 ilianza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, na kaya hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili. Wabunifu wake walikumbuka majira: ajira za muda za mpango huo, hadi siku 60 kwa mwaka, ziliwekwa katika kipindi cha hari, mkulima anapokuwa hana cha kuvuna. Kwenye kupima umaskini, hata hivyo, kipimo ni vitu vinavyoonekana: nyumba, paa, mifugo, samani. Mlengwa anayefanikiwa huambiwa amehitimu. Neno lina heshima yake, na wako waliohitimu kwa haki kabisa. Tatizo ni la mwenye biashara ya msimu. Mkaguzi akimkuta amebeba magunia, ni tajiri. Akimkuta miezi minne baadaye, ni yuleyule wa jana. Ukaguzi hauna kosa katika kile ulichokiona. Kosa liko katika kudhani kwamba siku moja inaweza kusimama mahali pa mwaka.

Kongo haina mkaguzi wa Universal Credit, na msomaji anaweza kuuliza haya yanamhusu nini mtu wa Isangi. Yanamhusu kwa njia ya orodha. Pasipo sheria ya posho, anayestahili huamuliwa na kamati, chifu, wakala wa shirika na midomo ya majirani. Biashara huonekana, hakuna mahali pa kuficha gunia la viwavi. Mpokeaji mwenye busara basi hufanya hesabu ambayo mchumi yeyote angeielewa: faida ya msimu mmoja, au nafasi kwenye orodha ijayo. Wengi huchagua biashara ndogo sana, isiyogombaniwa na mtu, au huiendesha kwa jina la ndugu. Hapo msaada umekata makato yake bila sheria kutaja asilimia yoyote.

Serikali nayo hudai sehemu yake. Ordonansi-sheria namba 79-021 ya Agosti 2, 1979 kuhusu biashara ndogo inamtaka mchuuzi awe na patente, yaani kibali cha kuchuuza, na imewekea raia peke yao biashara hiyo. Patente ni ya mwaka. Anayefanya biashara majuma kumi hulipia majuma 52, au hailipi na kuishi kwa huruma ya kila anayemsimamisha. Njiani na mtoni wanaosimamisha ni wengi. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ilihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu mbili, na ingawa Tshopo haikuwa kwenye hesabu hiyo, msafiri wa Mto Kongo hahitaji kuelezwa vizuizi ni nini. Mtaji wa ruzuku ni mdogo. Kizuizi hutoza kwa gunia, hakijui kama gunia ni la kwanza au la mia. Palipo na vizuizi vingi, dola kumi za kwanza za msaada ni ruzuku kwa mwenye kizuizi.

Wapinzani wa hoja hii wana mambo mazito ya kusema. Wa kwanza atasema: mwenye njaa haanzishi biashara, na posho ya kila mwezi hulisha. Ni kweli, na majaribio ya GiveDirectly ya awali huko Kenya yalionyesha kwamba waliolipwa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliolipwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu kama mabati. Kwa kaya yenye mtoto anayekonda, chaguo liko wazi na makala haya hayabishi. Lakini wapokeaji si kundi moja. Njia iliyo rahisi ni kumwuliza mtu mwenyewe, wakati wa kuandikishwa, kama anataka sehemu ya stahili yake yote kwa pamoja na mwezi gani.

Wa pili ataugusa msitu, na huyu ni mgumu zaidi kumjibu. Watu kumi wakipata mtaji Yanonge, huenda wakaleta viwavi zaidi mjini. Wakipata mia, watagombania viwavi walewale. Msitu hauongezi kiwavi kwa sababu mradi umeongeza dola, na somo la Webuye la bei kushuka litatimia hapa kwa ukali zaidi, maana mahindi unaweza kulima zaidi. Tena msapeli ni mti wa mbao wenye thamani kubwa. Utafiti wa Paluku Muvatsi, Jean-Marie Kahindo na Laura Snook katika maeneo ya ukataji karibu na Kisangani, uliochapishwa mwaka 2018, ulichunguza swali hilohilo: mti unaolisha wanakijiji kwa viwavi ndio kampuni inaufuata kwa msumeno. Mkupuo wa fedha kwa mchuuzi hauzuii msumeno. Mradi unaolipa watu wapande miti upande huu na kuacha misapeli mikubwa iondolewe upande ule unajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Jibu la sehemu ni kwamba fedha nyingi ziende kwenye kukausha, kuhifadhi na kusafirisha, na kidogo tu kwenye kununua. Hapo thamani inaweza kukua bila kiwavi hata mmoja kuongezeka. Jirani wa kaskazini ametoa mfano unaovutia. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, mradi wa Londö ulioanza katikati ya muongo uliopita kwa fedha za Benki ya Dunia ulichagua wafanyakazi kwa bahati nasibu ya hadharani, ukawapa siku 40 za kutengeneza barabara kwa faranga 1,500 kwa siku, na baiskeli ya kwendea kazini ambayo kila mmoja alibaki nayo. Ujira uliliwa, kama ujira unavyoliwa. Baiskeli ilibeba mizigo mwaka uliofuata. Bahati nasibu, kwa upande wake, ilimaliza mashindano ya kuonekana fukara mbele ya kamati: kura haimwadhibu mwenye gunia. Wabunifu wa miradi ya Tshopo wangefanya vyema kuitazama Bangui kabla ya Washington.

Wa tatu atataja ndugu. Donge likionekana, shemeji huugua, mjomba hufiwa, na mtaji huenda. Hoja hii husemwa zaidi na watu wa ofisini, na ina ukweli nusu. Ndugu wanaokula donge la Juni ndio wanaolisha watoto wa mchuuzi akiwa safarini Agosti. Kuwaita hasara ni kusoma ukurasa mmoja wa daftari. Hatari halisi iko kwa wanaoshika fedha kabla ya mpokeaji. Mwaka 2023 GiveDirectly lenyewe lilitangaza kwamba takriban dola laki tisa zilizokusudiwa kaya za Kivu Kusini ziliibwa kwa njama iliyohusisha wafanyakazi wake, kupitia laini za simu zilizosajiliwa kwa ajili ya malipo. Malipo ya mkupuo huongeza kishawishi hicho, na anayeyapendekeza hana budi kulikubali hilo na kudai wapokeaji washike laini zao tangu siku ya kwanza.

Kwa Yanonge, hoja hizi zinaelekea mahali pamoja. Fedha zilipwe Juni, kwa donge, kwa anayeziomba hivyo, na tarehe itangazwe mapema ili likelemba na wenye boti wajipange. Kipato cha msimu kihesabiwe kwa miezi 12, na kanuni hiyo isomwe kijijini siku ya uandikishaji, ili jirani asiwe na la kushtakia. Patente ya majuma machache iwekwe, kwa bei ya majuma machache. Ratiba ya majira ya sehemu mbalimbali za Kongo haihitaji utafiti mpya. FEWS NET huichapisha, na mashirika yanayotathmini njaa huitumia kuamua nani apewe msaada. Inabaki itumike pia kuamua lini.

Na matokeo yapimwe Oktoba. Elimu ya msingi ya bure, iliyotangazwa kuanza Septemba 2019, iliondoa dai moja kubwa lililokuwa likiangukia mwishoni mwa msimu wa viwavi, lakini ada ya sekondari imebaki, na shule hufunguliwa Septemba ileile ambayo mchuuzi anahitaji kila faranga njiani. Mradi unaotaka kujua kama malipo ya Juni yalianzisha biashara au yalisogeza tu deni mbele unaweza kuacha dodoso la kurasa arobaini, uende sokoni baada ya shule kufunguliwa, na kuuliza maswali mawili: ada imelipwa kwa fedha ipi, na mtaji uliobaki ni kiasi gani.